Sukari ya Goreti

Anesia alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa nachambua maharagwe, na kabla hata hajauliza habari zangu akaniambia kwamba nimeshawekwa kwenye programu. "Domi, Jumamosi ni levée ya Kocha. We ndiye utaimba. Tumeshaandika jina yako." Levée ni ile sherehe yetu ya kumaliza kilio: mtu akishazikwa familia inangoja miezi, halafu inakodi ukumbi, viti vinavalishwa vitambaa vyeupe, watu wanahutubu na kunywa, na baada ya hapo ndipo marehemu anapoachwa apumzike na walio hai wanaporuhusiwa kucheka. Nikamuuliza nitaimba nini. Akacheka kana kwamba namtania. "Ile yetu, si unajua? Ile ya Apana Mi. Bila ile, iyo si levée ya Kocha Melkiori." Nikakata simu. Mimi si mtu wa kumkatia mwenzangu simu, lakini nilikata, nikarudi kwenye ungo wangu, na baada ya muda nikagundua kwamba nilikuwa natupa maharagwe mazuri na kubakiza yaliyotobolewa.

Niseme wazi tangu mwanzo kwamba nina hasira, ili anayetafuta kumbukumbu tamu za ujana aende akazitafute kwingine. Nina miaka hamsini na minane. Binti zangu wananiambia hasira inapandisha presha, na kila asubuhi wananitumia ujumbe kwenye simu: kunywa maji ya ndimu, jitazame kwenye kioo utabasamu, fukuza mawazo mabaya, sema "mimi ni mzima" mara kadhaa kabla ya kutoka kitandani. Simu yangu imejaa afya mpaka inakosa nafasi ya picha za wajukuu. Na watu wasidhani kwamba naishi ovyo. Ninakula lengalenga, mchicha wetu, na sombe ya majani ya muhogo, ndagala, yaani dagaa zetu, nazipika bila mafuta mengi, ninatembea kila siku kabla jua halijawa kali, na nikipika ninaimba, kwa kuwa jikoni kukiwa kimya chakula changu hakinogi. Sina ugomvi na mboga, na wala sina ugomvi na mbio wala nyimbo. Ugomvi wangu ni na yule anayemfundisha mtu kuficha maumivu yake halafu akaita hiyo afya. Nilimjua mtu wa namna hiyo mwaka niliokuwa na miaka ishirini na mitatu, na Jumamosi hiyo walitaka nimwimbie.

Mwaka ule nilikuwa nachapa barua kwenye ofisi moja mjini na nilikaa Mutanga Nord, katika chumba cha uani kwa Bi Salha. Bi Salha alikuwa mjane wa mfanyabiashara, ukoo wao ulitoka Omani zamani za mababu, na duka lao la vitambaa lilijulikana mji mzima. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, meza moja, misumari ukutani ya kutundikia nguo, na dirisha lililotazamana na jiko la mwenye nyumba, hivi kwamba tulijua anapika nini kabla yeye mwenyewe hajaonja chumvi. Nasema tulijua kwa sababu nilikaa na Goreti. Goreti alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mrefu, mwenye miguu ya mtu aliyezaliwa akimbie, na vidole vyake vilikuwa na chaki hata siku za mapumziko. Alikuwa akicheka anashika mkono wa aliye karibu naye, awe anamjua au hamjui. Tulipika zamu kwa zamu. Zamu yake ilikuwa maharagwe na mawese, yangu ilikuwa mukeke, samaki wa ziwani, wa kukaanga nikiupata, na wote wawili tuliunguza ugali kwa sababu ya maneno mengi.

Goreti alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu akiwa na miaka kumi na mitano. Dawa yake ilikaa kwenye friji ya Bi Salha, ndani ya kopo la maziwa ya unga, kati ya siagi na samaki. Kila asubuhi alichemsha bomba lake la sindano, la kioo, kwenye kisufuria kidogo ambacho hatukukitumia kwa kitu kingine chochote, akaketi ukingoni mwa kitanda, akajichoma pajani, na wakati huo huo akinisimulia mambo ya wanafunzi wake kana kwamba anafunga kifungo cha blauzi. Wiki ya kwanza alinishika mkono akaniapisha. "Domi, iko mimi na we na Bi Salha tu. Directeur akijua, sitapewa kazi ya kudumu. Ule mwalimu wa darasa la tano alisema anaumwa, wakamuambia aende kwao apumzike, hajarudi mpaka leo. Apa." Nikaapa. Kiapo hicho nimejificha nyuma yake miaka mingi sana, na sasa kimechakaa, hakinifichi tena.

Bi Salha hakuwa daktari, ila alikuwa amemuuguza mumewe kwa ugonjwa huo huo na hakuwa na mchezo nao. Kila asubuhi sauti yake ilipita dirishani kabla ya chai yenyewe. "Goreti! Umeshakula? Sindano bila chakula ni kujiua, wallahi, usinifanye nikazika mtoto wa watu." Halafu sahani ya chapati ikatua dirishani, na chai ya maziwa. Yeye ndiye aliyekata kipande cha kitambaa cha buluu dukani kwake, akaweka sukari katikati, akafunga fundo, akamkabidhi Goreti. "Hii itembee na wewe. Ukisikia jasho la baridi, ukisikia mikono inatetemeka, lamba. Usingoje kufika, usingoje mtu akuruhusu. Umenisikia, mwanangu?" Goreti alicheka, akamshika mkono, akasema amesikia. Hiyo ndiyo afya niliyoonyeshwa mwaka ule, katika dirisha la uani, na mimi nikaiacha nikaenda kutafuta nyingine.

Tuliisikia klabu kabla ya kuiona. Jumapili moja asubuhi ilipita barabara ya juu, watu kama arobaini hivi wakikimbia kwa mstari, miguu ikianguka pamoja, mmoja akiimba na wengine wakiitikia na kupiga makofi, kama watu wa Bujumbura walivyozoea kukimbia. Goreti alitoka nje na mswaki mdomoni. Wiki iliyofuata tulikuwa ndani ya mstari. Jina la klabu lilikuwa Wazima, na Anesia, aliyekuwa akiuza nguo sokoni, alitupitia alfajiri na pikapu ya kaka yake ili tukaanzie Kinanira, nyumbani kwa Kocha. Kocha Melkiori alikuwa karani wa serikali, mwembamba, mwenye soksi nyeupe zilizovutwa mpaka magotini na saa ya kupimia mbio shingoni. Alikuwa na kijitabu cha Kifaransa kuhusu nguvu ya mawazo mazuri, alikisoma kwa sauti kisha akatutafsiria, na mara nyingi tafsiri ilikuwa ndefu kuliko kitabu. "Mutu anakuwa ile anasema," alituambia. "Ukisema umechoka, mwili inasikia. Ukisema unaumwa, ugonjwa inasikia jina yake, inakuja." Tulikuwa vijana, tulikuwa na nguvu, na tulimwamini kwa sababu miili yetu ilikuwa inakubali kila alichosema.

Alikuwa na sheria tatu. Tunakimbia tumbo likiwa tupu. Sukari ni sumu, haiingii mdomoni mwa Mzima, si kwenye chai, si kwenye uji, si popote. Na ya tatu, ambayo aliipenda kuliko zote: hakuna anayetaja ugonjwa wala uchovu. Ukiulizwa habari, unajibu "muzima kabisa". Ukijisahau ukasema mguu unauma, huadhibiwi wala hukaripiwi, unaimbiwa tu. Mwimbishaji anatunga mstari papo hapo juu yako, klabu nzima inaitikia, na wimbo huo unakufuata wiki nzima mpaka sokoni. Baada ya mwezi mmoja mwimbishaji nilikuwa mimi. Wimbo wangu ulikuwa rahisi. Niliuliza, "Nani amechoka?" na watu arobaini wakajibu kwa kishindo, "Apana mi!" yaani si mimi. Nani anaumwa? Apana mi! Nani anataka kurudi kulala? Apana mi! Ofisini nilikuwa yule msichana wa mashine ya mwisho, bosi aliniita kwa kupiga meza kwa kalamu. Jumapili watu walipumua kwa kufuata sauti yangu, niliposhusha walishusha na nilipopandisha walipandisha kilima. Sijawahi kupata utamu kama ule tena, hata siku ya harusi yangu, na nauchukia kwa jinsi ulivyokuwa mtamu.

Baada ya mbio tulikula uani kwa Kocha: lengalenga zilizochemshwa bila chumvi, maharagwe, parachichi, maji ya moto yenye tangawizi. Wanawake walisifiana ngozi. Mmoja alisema dawa zake za tumbo amezitupa chooni na tumbo limenyamaza, na kila mtu akapiga makofi. Nilimwona Goreti akipiga makofi pia, halafu akaangalia mikono yake. Yeye alikuwa na mpango wake. Alijichoma alfajiri, akala ndizi kwa siri kwenye pikapu huku mimi nimemziba Anesia asione, na kitambaa cha buluu kilikaa ndani ya bukta yake. Ilikwenda vizuri kwa miezi. Alikimbia mbele kuliko wanaume wengi, akiwa amenyoosha shingo, na hakuna siku niliyomwona mwenye furaha kama siku hizo. Kwa hiyo ninaposema klabu ile ilimuua, najua pia kwamba ilimpa kitu ambacho sindano haikumpa. Kujua hivyo hakunipunguzii hasira.

Siku fundo lilipofunguka tulikuwa tunajinyoosha mchangani Ruziba, karibu na ziwa. Goreti aliinama kushika vidole vya miguu na sukari ikamwagika. Kocha akakiokota kitambaa kwa ncha za vidole viwili, akakiinua juu watu wote waone. "Hii ni nini?" Goreti akasema ni sukari ya chai, aliisahau mfukoni. Alinitazama mimi. Nilikuwa na muda wa kusema jambo, lolote, hata uongo mwema kwamba ni yangu. Lakini watu walikuwa wameshageuka kwangu wakingoja mstari, walikuwa wanatabasamu, na mstari ulikuwa umeshakuja. Nikaimba: "Nani amefunga sukari mu kitambaa?" "Apana mi!" Wakarudia mpaka Kinanira, kila mara wakimnyooshea Goreti kidole, na Goreti naye aliitikia na kucheka kwa sauti. Mchana ule chumbani alifua kile kitambaa, akakitundika kwenye msumari, akasema, "Umeimba muzuri, sha." Nikamwambia asante. Nilidhani ananisifu, au niseme kweli, niliamua kudhani hivyo.

Kitambaa hakikutoka tena kwenye ule msumari. Nilikiona kila Jumapili nikifunga kamba za viatu. Bi Salha naye alikiona kupitia dirishani, akauliza kwa nini kiko mle na Goreti anatoka. "Niko muzima kabisa, Bi Salha." Yule mama aliweka sahani chini kwa nguvu chai ikamwagika. "Usinijibu kwa maneno ya yule mwanamume wa soksi. Mimi nimezika mume. Wewe Domitila, mwambie mwenzako!" Nikasema nitamwambia. Sikumwambia, kwa sababu kumwambia kungekuwa kukiri nilichofanya, na sikutaka kuacha kuimba.

Halafu ikaja Jumapili ambayo Kocha aliiita Dimanche ya Nguvu. Aliitangaza asubuhi ile ile, tukiwa tumeshapanga mstari: tunakwenda Ruziba na kurudi bila kusimama kujinyoosha, hakuna maji, hakuna tunda, hakuna kitu mdomoni mpaka turudi uani kwake. Goreti alikuwa ameshajichoma sindano. Kwenye pikapu hakula ndizi, kwa kuwa siku hiyo tulibanwa, Anesia alikaa katikati yetu. Tuliposhuka aliniambia kwa siri kwamba atatafuta ndizi Ruziba tukipumzika. Niliposikia tangazo nikamtazama, naye akainua mabega, akafunga kamba zake vizuri, na nikaanza kuimba. Hayo yote niliyajua kabla hatujatoka langoni: dawa iko mwilini, tumbo ni tupu, kitambaa kiko msumarini. Kocha hakujua hata moja, na wala Anesia hakujua. Katika watu arobaini waliokuwa pale, mimi peke yangu ndiye niliyejua, na mimi ndiye niliyekuwa na sauti.

Kushuka kulikuwa rahisi. Ruziba ilikuwa imeamka, wanawake wanatandaza ndagala juani, wengine wanamwagilia mashamba yao ya mboga kwa mitaro midogo inayotoka mtoni. Tulipogeuka kurudi nikamwona Goreti anakwenda upande upande. Uso ulikuwa umelowa jasho na umepauka. Kocha alipomwambia anyooshe mgongo, Goreti akamgeukia akapiga kelele, "We na soksi zako! Toka hapa! Toka!" Goreti, ambaye hakuwahi kumkaripia hata mtoto wa darasani. Watu wakacheka. Mmoja akasema Goreti amelewa asubuhi. Bi Salha alikuwa ametueleza wazi, kwamba sukari ikishuka mtu anakuwa mkali bila sababu, anapepesuka kama mlevi. Goreti akaketi kando ya barabara. Kocha akatupungia mkono tuendelee. "Musimuangalie. Uchovu inapenda kuangaliwa. Atasimama mwenyewe." Nikatoka kwenye mstari nikamwinamia. Alinishika mkono, mkono wake ulikuwa wa baridi na ulitetemeka, na alisema maneno mawili. "Domi. Sukari."

Hatua chache kutoka pale alikaa mama mmoja na sinia ya ndizi mbivu. Ninaweza kuichora sinia ile, ilikuwa ya bati yenye maua mekundu yaliyobanduka. Sikuwa na kitu mfukoni, lakini mama yule angenipa, ningemwomba angenipa, nani Burundi amnyime ndizi mtu aliyekaa chini anatetemeka? Kocha akaita kutoka mbele, "Domi! Mulima ndiyo ule! Wimbo!" Kwetu wimbo haukatwi mguuni mwa kilima. Mwimbishaji akinyamaza pale miguu inatawanyika, watu wanaanza kutembea, na anaimbiwa yeye. Sasa nasema kitu hicho, nakiandika, na naona aibu jinsi kilivyo kidogo. Niliogopa kuimbiwa. Nikamwambia Goreti, "Ngoja, tukifika juu nitakutafutia," nikautoa mkono wake kwenye wangu, nikakimbia, nikafungua mdomo: "Nani amechoka?" Na watu wakajibu nyuma yangu na mbele yangu, apana mi, apana mi, mpaka juu. Nilipogeuka hakuwepo pale alipokaa. Kocha akasema bila shaka amepanda gari la mtu, aliona haya. Nilifurahi kuamini. Tulifika Kinanira, tukanawa, tukakaa, nikala. Nilikula lengalenga na nusu parachichi na nikaongeza maharagwe.

Mwanamume mmoja alifika na baiskeli akiuliza kama sisi ndio wale wanaokimbia wakiimba. Goreti alikuwa amejaribu kwenda kwenye maji. Mwanamke aliyekuwa anamwagilia shamba lake alimkuta amelala kifudifudi kwenye mtaro, kati ya matuta ya lengalenga, na mtaro wenyewe ulikuwa wa kina cha kiganja tu.

Kwenye mazishi Kocha alipewa neno. Alisimama na soksi zake nyeupe chini ya suruali, akasema, "Goreti hakukufa mugonjwa. Goreti alikufa muzima, akikimbia, mu furaha. Tumuombe Mungu atupe kifo kama iyo." Watu walitikisa vichwa, wengine walipiga makofi, na hapo ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza kwamba neno jema linaweza kunuka. Mama yake Goreti hakupiga makofi. Alinivuta kando akaniuliza kwa Kirundi, polepole, kama mtoto wake alikuwa anajichoma dawa yake. Nikasema ndiyo, kila siku. Akauliza kama alikuwa anakula vizuri baada ya dawa. Nikasema ndiyo. Alinishukuru kwa kumtunza. Bi Salha alisikia yote hayo, alisimama nyuma yangu na buibui lake, na baadaye aliponikabidhi kile kisufuria cha kuchemshia sindano alisema neno moja tu, kwamba chumba anakihitaji mwisho wa mwezi. Baada ya Jumapili mbili nilirudi klabuni, nikaimba. Ndiyo, niliimba. Niliacha tu pale nchi ilipovurugika na kila mtu akakimbilia kwake, na baadaye watu waliponiambia vita imenipokonya ujana wangu niliwaacha waseme hivyo.

Jumamosi nilikwenda levée. Nilijiambia nakwenda kumwona Anesia. Ukumbi ulikuwa Kinanira, viti vyeupe, picha kubwa ya Kocha mbele akiwa na saa yake shingoni, na Wazima waliobaki wamekaa safu mbili za mbele, wazee wenye magoti mabovu wanaojibiana "muzima kabisa". Hotuba zilifuatana. Alitufundisha kula, alitufundisha kufikiri vizuri, miaka themanini hajawahi kumeza kidonge. Nilihisi kichwa kinapiga nikatoka nyuma kutafuta maji. Jikoni mjane wake alikuwa anapanga vikombe na dada yake, hawakuniona. "Mi nawasikiliza nanyamaza tu," alisema mjane. "Miaka kumi na mbili ya presha. Vidonge vyake alikuwa anameza mu choo, amefunga mulango, na maji anafungulia ili nisisikie. Asubuhi na jioni. Hakuruka hata siku moja." Dada yake akasema, masikini. Mimi nilishika mlango. Hakuruka hata siku moja! Alijifungia, akameza, akapona, akaishi mpaka themanini, na mwanamke aliyetupa dawa zake chooni alipigiwa makofi uani kwake. Nikaweka glasi chini, na jina langu likaitwa kwenye kipaza sauti.

Nilipanda nikiwa na nia moja, kumvua Kocha nguo mbele ya picha yake, niseme habari za vile vidonge. Mkoba wangu ulikuwa begani, na ndani yake kulikuwa na fundo la sukari, ninalo siku zote, binti zangu wanalicheka. Anesia alianza kupiga makofi na safu mbili za mbele zikafuata, ule mwendo wetu, miguu chini ya viti ikigonga sakafu. Nikatazama nyuso zile zikiningoja kwa furaha, macho yale yale ya mchangani Ruziba, na hasira ikageuka mdomoni mwangu. Kocha hakujua, na hata angekuwa mwongo mara mia, hakujua. Nikavuta pumzi, nikaimba kwa sauti yangu ya zamani, bado ipo:

"Nani alijua Goreti anaumwa?"

"Apana mi!" wakajibu wote, kwa kishindo, kwa mazoea, wengine wakicheka.

Halafu jina likawafikia. Makofi yakapungua, mmoja mmoja, Anesia akashusha mikono mapajani akinitazama. Mzee mmoja mwenye masikio mazito mwisho wa safu aliendelea kupiga peke yake, akingoja mstari unaofuata. Nilimngoja amalize. Alipoona wenzake wamenyamaza akaacha, na ukumbi mzima ukanisikia.

"Ni mi," nikasema. "Aliniomba sukari, nikaimba."